Sini za faragha: namna ya kuzirekodi kwa usalama, kutoka kwenye muswada hadi chumba cha uhariri

"Wanafanya mapenzi." Miswada mingi husimama hapo, kisha inaruka hadi asubuhi. Ni maneno mawili tu, na kila mtu huyasoma kivyake. Mwongozaji ameshaona kichwani migongo mitupu chini ya mwanga wa taa ya kitandani. Mwigizaji wa kike ameona shuka iliyofika mabegani. Mwenzake amedhani ni busu na taa kuzimwa. Mtu wa mavazi hajaona chochote, kwa hiyo hajaandaa chochote. Picha hizo zikikutana kwa mara ya kwanza kwenye seti, usiku, watu ishirini wakisubiri na muda wa taa ukiyoyoma, anayekubali asichokitaka ni yule mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Wapo watu wenye nia mbaya katika kazi hii, na utaratibu ufuatao unawabana. Lakini madhara mengi hufanywa na watu wenye nia njema waliokuwa na haraka, na hao ndio mwongozo huu unawalenga zaidi.

Sini ya faragha hapa ina maana pana: utupu wa kiasi chochote, tendo la ndoa la kuigiza, busu, kuvuana nguo, kuoga, kujifungua, uchunguzi wa daktari, na ukatili wa kingono. Sini ya kujifungua husahaulika kila mara kwa sababu haina mapenzi ndani yake, ilhali mwigizaji analala miguu imepanuliwa mbele ya kamera na wageni.

Nani anasimamia

Kazi ya mratibu wa faragha, yaani mtu anayesimamia sini hizi, ni changa. Mmarekani Tonia Sina aliandika tasnifu yake kuhusu jambo hili mwaka 2006, na mwaka 2016 yeye pamoja na Alicia Rodis na Siobhan Richardson wakaanzisha shirika la kufundisha kazi hiyo, wakianzia kwenye maigizo ya jukwaani. Mwaka 2018 mwigizaji Emily Meade aliiomba HBO, kampuni ya televisheni ya Marekani, impatie mtu wa kusimamia sini zake katika tamthilia ya The Deuce. Akaletwa Rodis, na kabla mwaka haujaisha HBO ikatangaza kwamba tamthilia zake zote zenye sini za aina hiyo zitakuwa na mratibu. Januari 2020 chama cha waigizaji cha Marekani, SAG-AFTRA, kikatoa viwango vya matumizi ya waratibu. Uingereza, Ita O'Brien alikuwa ameshaandaa miongozo yake na kufanya kazi kwenye tamthilia ya Sex Education.

Mratibu hufanya mambo matatu: anabeba maneno kati ya mwongozaji na waigizaji kabla ya siku ya kurekodi, anapanga miondoko, na siku yenyewe ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Hawezi kuwa mwongozaji, mtayarishaji, wala msaidizi wa mwongozaji anayekimbizana na ratiba. Hawezi pia kuwa mchumba wa mwigizaji. Kama bajeti haitoshi kumwajiri aliyesomea, teueni mtu mmoja asiye na jukumu jingine siku hiyo na mpeni mamlaka ya kusema "simama" bila kuulizwa. Mtu huyo atalinda utaratibu, lakini asijaribu kupanga miondoko ya tendo la ndoa kama hajafundishwa. Katika hali hiyo ushauri wetu ni mfupi: punguzeni sini. Mlango unaofungwa polepole haudai mratibu.

Chambua muswada kabla ya kutafuta waigizaji

Chukua kila sini ya faragha na uijibie maswali kwenye karatasi. Nani anaanza? Nani anavua nini, na anakivua mwenyewe au anavuliwa? Sehemu gani ya mwili itaonekana, kutoka upande gani, kwa sekunde ngapi? Wanalala, wanakaa au wanasimama? Inaishaje? Kisha swali linaloyazidi yote: baina ya wahusika hawa, nini kimebadilika mwishoni ambacho hakikuwepo mwanzoni? Ukikosa jibu la hilo, futa sini au ibakize kwenye busu. Ukilipata, utashangaa ni mara ngapi jibu liko usoni na mikononi, na utupu uliokuwa umepangwa hauongezi kitu.

Majibu hayo yaandikwe kwa lugha kavu. "Anapanda juu yake kwa mahaba" haitoshi. "Anakaa mapajani mwake, wote wamevaa sehemu ya chini, mgongo wake mtupu unaonekana kutoka mabegani hadi kiunoni" inatosha. Hiyo ndiyo sentensi itakayohamia kwenye tangazo la usaili, kwenye mkataba, na kwenye orodha ya shoti.

Tangazo la usaili na usaili wenyewe

Utupu na mapenzi ya kuigiza vitajwe kwenye tangazo, si kwenye simu ya kumpongeza mtu kwa kuipata nafasi. Katika usaili hakuna kuvua nguo wala kuigiza tendo. Kama hatua za mwisho zinadai kuuona mwili, kwa mfano kwa sababu ya kovu au mchoro wa ngozi, mwigizaji avae nguo ya kuogelea, aje na mtu aliyemchagua mwenyewe, na kamera izimwe.

Waigizaji wote wa sini za utupu au tendo la ndoa wawe wametimiza miaka 18, na umri uthibitishwe kwa kitambulisho. Ridhaa ya mzazi haibadilishi hilo, wala kumtumia mtu mzima kama mbadala wa mwili wa mtoto katika sini hiyo hakuihalalishi.

Mazungumzo ya faragha: "sawa tu" si ndiyo

Mratibu aanze na mwongozaji: anataka mtazamaji ahisi nini, na ni kitu gani kimoja ambacho hawezi kukipunguza? Kisha azungumze na kila mwigizaji peke yake, kabla ya waigizaji kukutana kuizungumzia sini. Wakikutanishwa mapema, mmoja hutaja mpaka wake na mwingine huurekebisha wake ufanane, asionekane mshamba au mkorofi.

Jihadhari na majibu ya adabu. "Sawa tu", "hakuna shida", "nitafanya mnachotaka": haya ni maneno ya mtu anayetaka kazi. Ndiyo halisi huwa na umbo. Kwa hiyo uliza vitu vyenye umbo: Mkono wa mwenzako ukikaa kwenye nyonga, juu ya nguo? Chini ya nguo? Shingo kubusiwa? Nywele kushikwa? Mgongo mtupu? Pembeni ya titi? Makalio kwa mbali, na kwa karibu? Kila jibu liandikwe moja kati ya matatu: ndiyo, hapana, au ndiyo kwa sharti. Sharti liandikwe neno kwa neno.

Usiulize sababu. Mtu anayesema "sitaki kushikwa shingoni" hana deni la kueleza maisha yake. Unachohitaji kujua ni shingo. Uliza mambo ya mwili yanayogusa kazi: maumivu ya mgongo au goti, mzio wa gundi au mpira, ujauzito, kunyonyesha, siku za hedhi zinazokaribia tarehe ya kurekodi, vidonda vya mdomoni. Mwambie pia kwamba orodha inaweza kubadilika. Lililokuwa ndiyo mwezi uliopita linaweza kuwa hapana asubuhi ya kazi, na ratiba ipangwe ikijua hivyo: kila shoti yenye utupu iwe na shoti mbadala iliyokwishaandikwa isiyo nao. Hapo hapana inagharimu dakika kumi na tano, na watu huthubutu kuisema. Inapogharimu siku nzima ya kazi, huimeza.

Nyongeza ya mkataba

Yaliyokubaliwa yaingie kwenye nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja au miwili kwa kila sini, imfikie mwigizaji saa 48 au zaidi kabla ya siku ya kurekodi. Karatasi inayoletwa chumba cha vipodozi pamoja na chai ni shinikizo lenye wino.

Iandikwe namba ya sini na maelezo yake kavu, sehemu za mwili zitakazoonekana na zisizoonekana, miondoko itakayoigizwa, vifuniko vitakavyovaliwa, watakaokuwepo kwenye seti, mwili mbadala (mtu mwingine anayerekodiwa badala ya mwigizaji) kama utatumika na kama mwigizaji anakubali mwili huo uonekane kama wake, na matumizi ya picha. Kifungu cha matumizi ndicho wengi wanakisahau: je, kipande hiki kinaweza kuingia kwenye trela, bango, picha za matangazo, au mitandao ya kijamii? Siku hizi ongeza pia kwamba mwili hautatengenezwa wala kubadilishwa kidijitali kuonyesha utupu ambao haukurekodiwa, bila ridhaa nyingine ya maandishi.

Kifungu kibovu husomeka hivi: "Mwigizaji anakubali utupu wa kiasi kadiri sini itakavyohitaji." Nani anapima kiasi? Kifungu kizuri: "Sini 34. Mgongo mtupu hadi kiunoni, kamera nyuma upande wa kushoto. Chuchu na makalio hayaonekani. Vibandiko vya chuchu na nguo ya siri ya rangi ya ngozi vitavaliwa muda wote."

Ieleweke pia nini hutokea ridhaa ikiondolewa. Kabla ya kamera kuwaka, mwigizaji anaweza kuiondoa wakati wowote, na mtayarishaji atatumia shoti mbadala, au mwili mbadala kama hilo lilikubaliwa. Picha zilizokwisharekodiwa kwa ridhaa ya maandishi kwa kawaida hubaki mali ya filamu, kwa hiyo mwigizaji asome kabla ya kusaini, akiwa na wakala au mwanasheria kama anaye.

Vifaa

Kwa waigizaji wawili na siku moja ya kazi, andaa kisanduku kwa kila mmoja. Havichangiwi.

Nguo ya siri ya rangi ya ngozi, tatu kwa kila mtu: moja ya kuvaa, moja ya akiba, moja kwa ajili ya jasho. Kwa shoti za ubavuni ambapo mkanda wa kiunoni utaonekana, kuna aina isiyo na mkanda inayobandikwa juu ya kinena mbele na juu ya makalio nyuma. Kwa wanaume kuna mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kukaza, ndani yake huwekwa kipande laini cha silikoni au sponji ngumu. Vibandiko vya chuchu, jozi nne.

Kizuizi kati ya miili ni kitu tofauti na nguo, na wanaoanza hukiruka. Nguo inaficha, lakini haizuii mguso. Kata mkeka wa yoga wenye unene wa milimita 5 au 6 kwa umbo la kiganja kilichonyooshwa, zungusha kona zisichome, uvishe kitambaa laini, uingie ndani ya nguo ya siri. Kipime hivi: aliyekivaa akigonge kwa kifundo cha kidole. Akihisi umbo la kidole, ongeza tabaka. Akihisi mshindo butu tu, kinatosha. Kwa miondoko mikubwa, weka kati ya nyonga zao mto mdogo au mpira wa mazoezi wa kipenyo cha sentimita 20 hivi uliojazwa upepo nusu. Mpira unawapa kitu cha kusukumia, miondoko inaonekana na uzito, na hakuna kinena kinachogusa kinena. Ukijazwa sana huruka, na waigizaji huangua kicheko. Si jambo baya kwenye mazoezi, lakini linakula muda wa kurekodi.

Utepe wa kitabibu na utepe wa mavazi wa pande mbili ujaribiwe kwenye ngozi ya ndani ya mkono saa 24 kabla. Gundi hushindwa kwa sababu tatu: losheni, jasho na nywele. Mwambie mwigizaji asipake mafuta sehemu husika siku hiyo, na pangusa ngozi kwa kitambaa chenye spiriti, ikauke kabisa ndipo ubandike. Kunyoa kufanyike siku moja au mbili kabla, kwani gundi juu ya ngozi iliyonyolewa asubuhi hiyo huwasha na kuvuruga siku. Kubandua: paka mafuta ya mtoto kwenye kingo, subiri dakika mbili tatu, kisha vuta polepole sambamba na ngozi. Kuvuta kwenda juu huchubua.

Zaidi ya hapo: joho la kujifunika kwa kila mmoja na moja la ziada, ndala, tishu, pipi za mnanaa, maji ya kusukutua, na mifuko yenye majina ya wahusika. Vilivyogusa sehemu za siri hutupwa siku hiyohiyo. Jaribu rangi za vifuniko mbele ya kamera na taa zenyewe, kwa maana kitambaa kinachofanana na ngozi dirishani huweza kugeuka kijivu chini ya taa ya bluu.

Mazoezi na kupanga miondoko

Busu na kukumbatiana kunahitaji dakika 30 hadi 45. Sini ya kitandani ipe saa mbili au tatu, siku moja kabla au zaidi, waigizaji wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida.

Waanze kwa kuonyeshana mipaka. Wanasimama wakitazamana. Wa kwanza anapitisha mikono yake juu ya mwili wake mwenyewe kila mahali anaporuhusu kuguswa katika sini hii, akiruka asiporuhusu. Mwenzake anatazama, kisha anayataja aliyoyaona. Halafu wa kwanza anaishika mikono ya mwenzake na kuipitisha mahali hapo hapo. Wanabadilishana. Zoezi hili linachukua dakika tano, na mikono hukumbuka kuliko masikio.

Chagueni ishara ya kusimama. Isiwe "hapana" wala "acha", maana maneno hayo yanaweza kuwa ndani ya mazungumzo ya wahusika, na siku moja mwigizaji atasema "acha" kwa dhati na wote watampongeza kwa uigizaji. Chagueni neno lisilo na nafasi katika sini, na ishara ya mwili ya kuambatana nalo: kugonga mara mbili popote, kwenye mwenzako au godoro. Mdomo ukiwa umezibwa na busu, neno halitoki. Kila mtu kwenye seti aijue, mshika maiki pia, na ijaribiwe angalau mara moja ili isiwe aibu kuitumia.

Sasa miondoko. Lugha ni ya mafundi wa ngoma: nyonga, kiganja, uzito, mwelekeo, hesabu. Maneno ya kutia nyege yabaki nje ya chumba. Mwongozaji anayesema "mpapase kama unamtamani" amemwachia mtu mmoja kuamua mwili wa mwingine utafanywa nini. Hivi ndivyo kipande cha sini kinavyoandikwa:

Hesabu 1 hadi 4: A anaweka kiganja cha kulia shavuni mwa B, wanatazamana, hakuna pumzi inayosikika.
5 hadi 8: B anasogea, paji la uso linagusa paji la uso. B anavuta pumzi kwa sauti kwenye 7.
1 hadi 4: busu, midomo imefungwa, kichwa cha A kimeinama kushoto. B ndiye anayelimaliza.
5 hadi 8: mkono wa kushoto wa A unashuka kutoka begani hadi katikati ya mgongo wa B, unasimama juu ya kiuno. B anaegemea nyuma, A anafuata, uzito wa A uko kwenye kiwiko chake cha kulia na magoti, si kifuani mwa B.

Kinachofanya kipande hiki kionekane cha kweli ni pumzi ya kwenye 7 na ule uamuzi wa B kulimaliza busu. Mtazamaji anausoma uchu kwenye kusitasita, kasi inayobadilika na vidole vinavyojikunja. Kamera haioni kama ulimi umetumika, kwa hiyo usitumike. Tendo la kuigiza nalo hugawanywa vivyo hivyo. Mwondoko wa nyonga hutoka kwenye mkunjo wa uti wa mgongo wa anayesogea, na anaweza kuufanya sentimita kumi mbali na mwenzake. Asiyesogea ndiye anayeiuza shoti kwa kuitikia: bega, kidevu, mguu unaokunjwa.

Mratibu aandike yote na kuwapa nakala waigizaji, mwongozaji na mpiga picha. Baada ya hapo hakuna mtu anayeongeza kitu, hata waigizaji wenyewe wakiwa wamependezwa. "Tulijisikia tu" ni sentensi ya kusimamisha kazi.

Kamera inadanganya, iache idanganye

Mpiga picha aje mazoezini, kwani nusu ya usalama imo mikononi mwake. Lenzi ndefu, milimita 85 na kuendelea, hukandamiza umbali: miili iliyoachana kwa kiganja huonekana imeshikana. Kamera ikiwa usawa wa godoro na goti la mmoja likiwa mbele ya fremu, kifuniko hakionekani kabisa. Fremu inayokatika chini ya bega humfanya mwigizaji aonekane mtupu ilhali amevaa fulana isiyo na mabega na suruali. Kwa shoti za uso pekee, mwenzake hana haja ya kuwepo kitandani. Mfanyakazi mmoja wa seti anaweza kulitikisa godoro.

Sauti pia si lazima itoke siku hiyo. Pumzi na miguno hurekodiwa baadaye, mwigizaji akiwa studio na nguo zake. Hilo linamruhusu mratibu kuhesabu kwa sauti wakati kamera inazunguka, jambo linalowatuliza waigizaji.

Siku yenyewe

Ratiba ya siku itaje saa za seti iliyofungwa. Sini iwekwe mapema, si saa ya kumi na mbili ya kazi wakati kila mtu anataka kwenda kulala. Uchovu huvunja mipaka bila mtu kukusudia. Chumba kiwe na joto la nyuzi 24 hadi 26. Mwigizaji anayetetemeka hataweza kuigiza raha, na gundi haikai kwenye ngozi yenye vipele vya baridi.

Seti iliyofungwa ina mwongozaji, mpiga picha, mvuta fokasi (anayehakikisha picha haina ukungu), mshika maiki kama sauti inachukuliwa, mratibu, mtu mmoja wa mavazi, na msaidizi wa mwongozaji mlangoni. Mtayarishaji hana sababu ya kuwepo. Wanaotakiwa kwa taa au vipodozi huingia kati ya shoti, waigizaji wakiwa wamefunikwa. Monita zote huzimwa isipokuwa ya mwongozaji, na hiyo igeuzwe watu wasipite nyuma yake. Simu hubaki nje kwenye sanduku, za wakubwa kwanza. Picha za mnato hazipigwi ila kama nyongeza ya mkataba imezitaja.

Kabla ya kuanza, mratibu amwulize kila mwigizaji pembeni: kuna kilichobadilika tangu jana? Uliza hivyo. "Uko tayari?" hujibiwa ndiyo kila siku. Kisha wapitie miondoko mara moja wakiwa na majoho, mara moja na vifuniko, ndipo kamera iwashwe. Kubaliana pia mapema idadi ya marudio, tatu hadi tano kwa kila upande wa kamera. Baada ya hapo tatizo huwa ni mpangilio, na kurudia mara ya tisa hakutalitibu.

"Kata" isemwe kwa sauti na kwa wakati. Kuacha kamera iendelee kuzunguka baada ya hesabu ya mwisho ili kuona "watafanya nini" ni ukiukaji wa ridhaa, hata kama kilichopatikana ni kizuri. Neno likitamkwa, majoho yafike kabla ya maelekezo yoyote. Mwongozaji asogee karibu na kusema kwa sauti ya chini. Kupaza sauti kutoka kwenye monita, "Paja juu zaidi!", humfanya mtu akumbuke kuwa anatazamwa.

Mwili unaweza kuitikia wenyewe, wa mwanamume au wa mwanamke. Hutokea, na si kosa wala si ujumbe. Ndiyo kazi ya kizuizi na ya ishara ya kusimama: aliyeguswa na hali hiyo anagonga mara mbili, mratibu anatangaza mapumziko ya dakika tano, hakuna maelezo yanayotolewa wala mzaha.

Sini za ukatili wa kingono zinahitaji watu wawili wa usimamizi, mratibu wa faragha na msimamizi wa mapigano, na vipande vifupi kuliko kawaida. Kanuni yake ni kwamba anayeshambuliwa ndiye anayeendesha mwondoko. Nywele zikivutwa, mshambuliaji anaweka ngumi iliyofungwa juu ya kichwa, anayevutwa anaishika ngumi hiyo kwa mikono yake miwili na kujivuta mwenyewe. Mshambuliaji hana nguvu yoyote ndani yake. Na mwigizaji wa mshambuliaji atunzwe pia. Mara nyingi ndiye anayetoka seti akiwa hoi, na watu humkwepa kwenye foleni ya chakula.

Kufunga sini

Toa dakika tano za kutoka kwenye uhusika kabla ya vifaa kuhamishwa. Waigizaji wasimame, washikane mikono, kila mmoja ataje jina lake halisi na kitu kimoja atakachofanya jioni, kisha waachiane na kukung'uta mikono. Hufanana na mchezo wa watoto, na waigizaji wazoefu ndio huwa wa kwanza kuudai. Baada ya hapo kila mmoja aende chumba chake kubandua utepe kwa utulivu. Mratibu awapigie simu kesho yake, kila mmoja peke yake.

Chumba cha uhariri

Nakala ya nyongeza ya mkataba imfikie mhariri kabla ya picha. Bila hiyo atachagua shoti iliyo bora kisanaa, na yawezekana ndiyo ile ambayo kifuniko kiliteleza. Faili za sini hizi ziwe kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, wenye ruhusa wahesabike kwa vidole vya mkono mmoja, na zisipite kwenye makundi ya simu yanayotumiwa kupeana picha za kila siku. Fremu zilizoonyesha kisichokubaliwa zifutwe, zisihifadhiwe "kwa usalama". Mwonyeshe mwigizaji kipande kilichohaririwa kabla ya wengine kukiona. Akikuta kilichovuka mkataba, hukatwa, hufunikwa kwa kivuli, au hurekebishwa kidijitali kwa ridhaa yake.

Mwisho kabisa, pitia matangazo. Idara ya matangazo hupokea filamu nzima na kuchagua fremu ya kuvutia macho kwa ajili ya bango au kijipicha cha mtandaoni, mara nyingi bila kujua kwamba kuna karatasi yoyote iliyosainiwa. Wapelekee kifungu cha matumizi kwa maandishi, na mtu mmoja apewe kazi ya kulinganisha kila bango na kila trela na kifungu hicho kabla ya kutoka.